Dumu la Mama Mkwe: Uzuri wa Mafuta ya Alizeti na Namna Tunavyoupoteza Wenyewe

Mtu aliyetoka Singida humuulizi, unamtambua palepale stendi anaposhuka kwenye basi. Mkono mmoja kuku wa kienyeji, mkono mwingine dumu la njano la mafuta ya alizeti, mdomo umekazwa kwa kipande cha nailoni lisije likavuja njiani. Kuku ataliwa wikiendi hiyohiyo. Dumu, mwenzangu, lina maisha marefu zaidi. Litasifiwa mbele ya wageni, litanyemelewa na mawifi, na kwenye nyumba nyingine litawafanya mume na mke wanuniane siku mbili nzima.

Nasema hivyo kwa sababu nimeolewa huko. Mume wangu ni mtoto wa Kilimatinde, wilaya ya Manyoni, na kwa imani yake duniani kuna mafuta ya aina mbili tu: ya kwao na ya watu wengine. Na wewe msomaji wangu huachi kuniuliza. Eti ni kweli mafuta ya alizeti yana antioksidanti? Eti yanazuia mikunjo ya uso? Yanatibu presha? Ya kukamua kijijini ni bora kuliko ya dukani? Mwezi huu nimeamua tulimalize suala hili vizuri, maana ni hela yetu, ni afya yetu, na ukichunguza sana ni ndoa zetu pia.

Umbea ndani ya dumu

Tuanze na neno lenyewe, maana siku hizi limejaa kila mahali, kuanzia kwenye makopo ya losheni hadi kwenye paketi za chai. Antioksidanti ni kitu chochote kinachozuia au kuchelewesha oksijeni isiharibu kitu kingine. Kata parachichi uliache mezani, baada ya muda linaanza kupiga weusi. Lipake ndimu, linachelewa. Vitamini C iliyomo kwenye ndimu imejitolea kupambana na oksijeni kwa niaba ya parachichi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, hakuna uchawi.

Ndani ya mafuta mambo yanakwenda kama umbea wa mtaani. Molekuli moja ya mafuta ikiguswa na mwanga, joto au kutu, inapoteza kipande chake kidogo na kugeuka kile ambacho wanasayansi wanakiita radikali huru. Ikishakuwa hivyo haitulii. Inakamata oksijeni, kisha inamnyang'anya jirani yake kile ilichopoteza. Jirani naye anaharibika vilevile, anamgeukia wa tatu. Si unajua umbea unavyotembea? Asubuhi ulikuwa kwa mtu mmoja, jioni mtaa mzima unao. Mwisho wake ndiyo ile harufu ya mafuta yaliyochacha, kama karanga zilizosahaulika kabatini au rangi mpya ya mlango.

Sasa vitamini E ni yule shosti mwenye kifua. Umbea ukifika kwake unaishia hapohapo. Anaipa ile radikali kitu inachokitafuta, inatulia, na yeye hamwendei mtu mwingine. Ndiyo maana inaitwa antioksidanti.

Lakini sikiliza hili kwa makini, maana ndilo lililonifanya niandike. Kila anapofanya kazi hiyo, shosti anatumika. Ndani ya mwili wako vitamini C inaweza kumsaidia arudi kazini. Ndani ya dumu hakuna wa kumsaidia. Idadi ya mashosti waliomo ni ileile iliyotoka kwenye mbegu siku ya kukamua, na kuanzia siku hiyo inapungua tu. Kwa hiyo swali la "mafuta haya yana vitamini E?" peke yake halitoshi. Uliza pia, "Itakuwa imebaki kiasi gani siku nitakapoyala?"

Panya wa California na stori ya kupata mtoto

Kabla hatujafika Kilimatinde, nikupe kisa kimoja kitakachokusaidia kuelewa tetesi nyingi unazosikia saluni.

Vitamini E iligunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop wa Chuo Kikuu cha California, kule Berkeley nchini Marekani. Walikuwa wanawalisha panya chakula maalumu. Panya walishika mimba vizuri tu, ila mimba hazikufika mwisho. Walipoongezewa majani mabichi ya saladi, na baadaye kiini cha ngano, wakazaa. Mwaka 1936 kundi la Evans likafanikiwa kuitenga vitamini yenyewe kutoka kwenye mafuta ya kiini cha ngano. Wakaipa jina la tokoferoli, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuzaa na kubeba.

Umeona ilikotokea? Ndiyo maana mpaka leo kuna mtu anamwambia mwenzake, "Meza vitamini E utapata mtoto." Taratibu jamani! Wale panya walikuwa wamenyimwa kabisa. Kwa binadamu mwenye afya ya kawaida, upungufu mkubwa kiasi hicho ni nadra sana. Mke na mume wanaohangaika kupata mtoto wanahitaji kupimwa hospitali, wote wawili, siyo mke peke yake kubebeshwa chupa ya vidonge.

Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa

Ukitoka Dodoma unapita Bahi, unapita Kintinku, halafu barabara inaanza kupanda mlima Saranda. Ukifika juu umeshauacha uwanda wa Bonde la Ufa chini yako, na Manyoni iko mbele. Kilimatinde iko kilomita chache kusini-mashariki ya Manyoni, ukingoni kabisa mwa bonde. Ni mahali pa siku nyingi. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi hapo, na mpaka leo watu wanapafahamu kwa hospitali ya misheni ya Waanglikana. Hii ni nchi ya Wagogo. Ukiamkiwa "Mbukwenyi!" ujue umefika.

Mvua hapa ni ya msimu mmoja na haina uhakika. Ndiyo sababu watu wanalima uwele, mtama na alizeti, mazao yanayovumilia ukame. Mkoa wa Singida na ule wa Dodoma ndiyo moyo wa alizeti nchini, na mwaka 2021 serikali iliitaja mikoa hiyo pamoja na Simiyu kuwa ya kimkakati kwa zao hili. Sababu inaeleweka. Tanzania haijawahi kujitosheleza kwa mafuta ya kula, sehemu kubwa inaagizwa nje, hasa ya mawese. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipoanza, na Indonesia nayo ikazuia kwa muda kuuza mawese yake nje, sote tuliona bei ilivyopaa. Kuna nyumba zilirudi kupima mafuta kwa kijiko.

Kipindi cha baridi, alizeti ikishavunwa, mashine za kukamua zinafanya kazi kutwa. Mbegu zinaanikwa juani kwanza, zipate joto ili mafuta yatoke vizuri. Zinamiminwa kwenye mashine. Upande mmoja yanatoka mafuta mazito ya rangi ya dhahabu, upande mwingine mashudu, ambayo ni chakula cha mifugo. Mafuta yanaachwa yatulie mpaka uchafu uzame chini, ndipo yanamiminwa kwenye madumu. Hakuna kemikali iliyoongezwa wala mtambo wa kusafisha. Kwa mama wa kijijini, hizo foleni za madumu ndizo ada za watoto, ndizo sare, ndiyo bima ya mwezi Januari.

Mama mkwe wangu ana dumu lake la nyumbani, la kula. Nililikuta chumbani, kwenye kona yenye giza, limefunikwa kanga ya zamani. Mimi nikamuuliza kwa utani, "Mama, mbona umeyalaza kitandani kama mzazi?"

Akacheka. "Mafuta hayataki jua, mwanangu. Jua linayala."

Mama huyu hajasoma kemia, lakini alichosema ni kemia tupu. Mwanga wa jua ni mmoja wa maadui wakubwa wa mafuta. Unaanzisha ule umbea haraka kuliko giza, na mashosti wanatumika wakiulinda mzigo uliokaa tu, haujapikiwa hata kitunguu.

Sasa fikiria njia yetu ya kurudi. Kandokando ya barabara kuu utaona meza zimepangwa chupa za mafuta ya alizeti. Chupa za maji zilizotumika, nyeupe, zinaonyesha ndani. Jua la saa 8 mchana linapiga, mafuta yanang'aa kama asali, dereva anavutiwa, anapunguza mwendo. Nilimuuliza dada mmoja muuzaji kwa nini asiyaweke kivulini. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni wa mjini. "Dada yangu, nikiyafunika nani atayaona? Nisipouza leo watoto watakula nini?"

Hapo ndipo penye mtihani. Kile kinachoyafanya mafuta yauzike ndicho kinachoyamaliza. Chupa isiyouzwa leo inarudi ndani jioni, kesho inatoka tena juani, keshokutwa tena. Wewe unayesimamisha gari hujui chupa uliyoshika ina siku ngapi mezani. Na siwezi kumlaumu yule dada, maana ni sisi wateja tunaonunua kwa macho. Tukimwambia "nipe ile iliyo chini ya meza," na wenzetu nao wakasema hivyohivyo, atabakiza chupa 1 au 2 za maonyesho na nyingine zote atazitunza kivulini. Hatapoteza hata shilingi.

Na hiyo rangi ya dhahabu inayotupumbaza? Haikwambii kuna vitamini E kiasi gani. Vitamini E yenyewe ina rangi hafifu tu ya njano. Mafuta yanaweza kung'aa kama pete ya ndoa na ndani yake mashosti wamebaki wachache.

Nani kambeba nani?

Tuje kwenye namba, maana najua kuna wasomaji wangu wanaopenda ushahidi. Katika gramu 100 za mafuta, vitamini E ya aina ambayo mwili wetu unaitunza zaidi iko takriban hivi:

- Alizeti: miligramu 41
- Pamba: miligramu 35
- Mawese: miligramu 16
- Karanga: miligramu 16
- Zeituni: miligramu 14
- Mahindi: miligramu 14
- Soya: miligramu 8
- Ufuta: miligramu 1.4
- Nazi: miligramu 0.1

Mtu mzima anashauriwa kupata miligramu 15 kwa siku. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti kina zaidi ya miligramu 5, yaani theluthi moja ya mahitaji na ziada kidogo. Kwa hiyo mume wangu ana haki ya kujidai, angalau kwa leo.

Ila usikimbilie kuyadharau mengine. Mafuta ya ufuta yana namba ndogo hapo juu, lakini yana walinzi wa aina nyingine, kama sesamoli, na ndiyo maana yanachelewa sana kuchacha. Mawese mekundu ya Kigoma rangi yake inatokana na karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Yakishasafishwa kiwandani mpaka yakapauka, karotini hiyo inakuwa imeondoka. Zeituni yaliyokamuliwa bila kusafishwa yana polifenoli, zile zinazokuwasha koo kidogo ukiyaonja. Na nazi? Haina vitamini E ya maana, lakini mafuta yake yanakaa muda mrefu kwa sababu sehemu yake kubwa ni mafuta ya aina tulivu, yale yanayoganda, ambayo radikali hazina pa kuyashika kirahisi.

Alizeti ni kinyume chake. Zaidi ya nusu ya mafuta yake ni asidi ya linoleiki. Hii ni nzuri kwa moyo ikichukua nafasi ya mafuta yanayoganda, lakini ni dhaifu mbele ya oksijeni. Mungu aliipa mbegu ya alizeti mashosti wengi kwa sababu umbea ni rahisi kuanza hapo. Ukiwamaliza mashosti, unabaki na mafuta yanayoharibika haraka kuliko mengi ya wenzake.

Ya kijijini au ya dukani?

Hili ndilo swali lenye kelele kuliko yote, na jibu lake halitampendeza kila mtu.

Mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa yanabaki na vitamini E yake karibu yote. Kiwandani, kwenye hatua ya kuondoa harufu, mafuta yanapashwa joto la zaidi ya nyuzi 200, na sehemu ya vitamini E inapotea. Hapo kijiji kimeshinda. Lakini kiwanda nacho kinaondoa maji, utomvu na asidi zinazofanya mafuta yatoe povu, yanuke na yaungue mapema. Mafuta ambayo hayajasafishwa yanaanza kutoa moshi kwenye joto dogo kuliko yaliyosafishwa. Na mafuta yakishatoa moshi yanaanza kutengeneza vitu vyenye kuwasha macho na kukwaruza koo, hata kama yalikamuliwa na malaika.

Kwa hiyo nyumbani kwangu tunafanya hivi. Ya Kilimatinde ni ya kuungia mboga kwa moto mdogo, ya wali, ya maharage, ya kumwagia juu ya mlenda. Chipsi na maandazi ya Jumapili tunatumia yaliyosafishwa. Na hapo kwenye mlenda usiniguse! Karotini iliyomo kwenye majani ya kijani mwili unaipokea vizuri zaidi ikiwa na mafuta kidogo. Bibi zetu wa Kigogo walipotia karanga zilizotwangwa kwenye mlenda wao, walikuwa wanajua wanachofanya.

Wapo wanaoyachemsha kwanza mafuta ya kijijini na kitunguu au chumvi ili kuondoa povu. Si vibaya, maji yaliyobaki ndani yanakauka na mafuta hayaruki usoni. Ila moto uwe mdogo, na uyaondoe pale milio ya kuchachatika inapokwisha. Ukisubiri moshi, umeshawafukuza uliotaka kuwatunza. Na yachemshe kidogokidogo, kiasi cha wiki, siyo dumu zima kwa mpigo.

Karai la wiki nzima

Najua una rafiki anayekaanga mihogo, au wewe mwenyewe una kibanda cha chipsi kinacholipa kodi ya nyumba. Mafuta ndiyo mtaji, nani ana moyo wa kumwaga mtaji? Lakini kwenye moto wa kukaangia vitamini E inakwenda mbio sana. Baada ya kukaanga mara kadhaa mashosti wameisha, umbea unatembea bila breki. Mafuta yanakuwa mazito, meusi, yanatoa povu na moshi hata kwenye moto wa kawaida. Mafuta ya namna hiyo yanaharibu chakula na afya ya anayekila.

Kosa kubwa zaidi ni lile la kuongezea mapya juu ya ya zamani ili "kuyafufua". Hayafufuki. Mafuta yaliyochoka yanakuja na radikali zake na kuyaambukiza mapya, kwa hiyo umepoteza yote mawili. Chuja makapi kila ukimaliza, funika karai likipoa, usiache moto unawaka bila kitu cha kukaanga. Yakishabadilika kwa dalili nilizozitaja, achana nayo. Pia usitunze mafuta kwenye bati lenye kutu wala chombo cha shaba, maana chuma na shaba vinachochea umbea kuliko hata mama mwenye nyumba.

Basi si ninywe vidonge tu?

Nilijua utauliza. Kama vitamini E ni nzuri hivi, kwa nini tuhangaike na madumu?

Wataalamu nao walifikiri hivyo. Finland waliwapa wanaume wavutaji sigara wapatao 29,000 vidonge vya vitamini E na vya karotini. Majibu yalipotoka mwaka 1994, saratani ya mapafu haikupungua, na waliomeza karotini waliipata zaidi. Marekani nako walifanya utafiti wa wanaume zaidi ya 35,000. Mwaka 2011 ikaonekana waliomeza vitamini E ya kipimo kikubwa kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wale waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa.

Chakula kinaleta kiasi kidogo, kikiwa na wenzake, kila siku. Kidonge kinaleta kundi kubwa kwa mara moja, na mwili haukuomba. Kama daktari hajakuandikia, acha. Na usije ukaanza kunywa mafuta kwa kikombe eti kwa sababu umesoma hapa! Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120, ziwe za alizeti, za zeituni au za nazi. Presha haitibiwi na dumu. Kama una dawa, meza dawa yako, na utumie alizeti badala ya mafuta yanayoganda, siyo juu yake.

Ugomvi wa dumu

Sasa nikupeleke chumbani kidogo. Mama mkwe alitutumia lita 20 mwaka huo. Mume wangu akataka litunzwe, litumike kwa kujibana mpaka Krismasi, maana ni jasho la mama yake. Mimi nikapiga hesabu. Sisi ni watu wanne, tunatumia lita 2 kwa mwezi tukiwa na nidhamu. Lita 20 ni miezi 10. Kwa joto la Dar es Salaam, ambako kasi ya mafuta kuharibika ni kubwa kuliko kwenye baridi ya Kilimatinde, dumu linalofunguliwa na kufungwa kila siku linaingiza hewa kila siku. Na kadiri mafuta yanavyopungua, ndivyo hewa inavyoongezeka humo ndani. Nikamwambia tugawe: nusu tubaki nayo, nusu tuwape wifi na jirani yetu.

Weee! Ilionekana kama nimedharau ukoo mzima. "Mafuta ya mama unagawa kama peremende?" Siku mbili tunasalimiana kwa "eeh" na "mmh".

Siku ya tatu akampigia simu mama yake, nadhani kunisemea. Akaweka sauti kubwa ili nisikie hukumu yangu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nakamua kila mwaka. Nimewaletea mle. Yakiisha si utaniambia?"

Basi. Tukagawa. Wapo wengi kama mume wangu, na nawaelewa. Zawadi ya mama inatufanya tutake kuitunza isiishe. Lakini mafuta si kanga ya kuwekea nondo sandukuni. Ukiyatunza ili kumheshimu aliyekupa, siku utakapoyafungua yatakuwa yananuka, na utayamwaga kwa siri usiku asije akasikia.

Dondoo za kubandika mlango wa kabati

- Uliza yalikamuliwa lini. Muuzaji mwaminifu anajua.
- Chagua chupa iliyokaa kivulini, hata kama ile ya juani inang'aa zaidi.
- Nusa kabla hujalipa. Mafuta mazuri ya alizeti yananukia mbegu. Yakinukia rangi au karanga za zamani, rudisha.
- Gawa dumu kwenye chupa ndogo safi na kavu kabisa. Zijaze mpaka karibu na mdomo ili hewa ibaki kidogo.
- Chupa ikiwa nyeupe, ifunge gazeti au iweke ndani ya kabati. Isikae karibu na jiko wala dirishani.
- Fungua chupa moja, imalize, ndipo ufungue nyingine.
- Nunua ya miezi 2 au 3. Kama umeletewa mengi, gawa upate baraka.
- Usichanganye ya zamani na mapya, iwe kwenye chupa au kwenye karai.

Mwaka huu ukipita barabara ya Singida, simama ununue. Yule dada ana watoto wa kulisha, na alizeti ya Watanzania inahitaji mnunuzi Mtanzania. Mlipe bei yake bila kumsumbua sana. Ila mwambie kwa upole, "Dada, nipe ya kivulini." Akikuuliza kwa nini, mjibu kwa maneno matatu tu ya mama mkwe wangu, atakuelewa kabla hujamaliza kuhesabu hela.